Babu Anasema Wa Zamani Ndio Walikuwa Madereva

Hii nimeiandika mara tatu na mara tatu nikaifuta. Mwanzo nilitaka kuandika kitu chepesi tu: waendeshaji wa mbio wa zamani na hawa wa sasa, nani zaidi? Mada tamu, kila mtu ana lake, nyie mnagombana na mimi napata watazamaji. Lakini kila nikianza naishia kwa binamu yangu na mguu wake. Basi leo naiacha ije kama inavyokuja.

Ilianza na babu. Huyu si babu mzaa mama, ni ndugu yake mdogo, lakini kwetu babu ni babu. Alikuwa fundi wa magari Mombasa, gereji za Makupa, toka ujana wake mpaka macho yakaanza kumsumbua akarudi Malindi. Sasa kazi yake ni kukaa barazani baada ya alasiri, kahawa chungu mkononi, akiisahihisha dunia. Siku moja nikamwonyesha kwenye simu klipu ya motocross. Yule kijana wa Australia, Jett Lawrence, ambaye mwaka 2023 kule Marekani alishinda mbio zote 22 za msimu wa nje katika daraja la pikipiki kubwa, zote, hakuacha hata moja. Anaruka kilima utadhani ametupwa na bahari, anatua, anakata kona, wala hashtuki.

Babu akaangalia mpaka mwisho. Akanirudishia simu.

"Huyo anabebwa," akasema. "Pikipiki inambeba. Sie tuliona watu waliokuwa wakibeba magari."

"Kuyabeba vipi, babu?"

"Kwa mikono, mjukuu wangu. Kwenye matope."

Na hapo ndipo nilipofanya kosa la kukaa chini.

Kwa wale mliozaliwa juzi kama mimi: mbio anazozisema babu ni Safari Rally. Zilianza mwaka 1953, wakati wa kutawazwa kwa Malkia Elizabeth wa Uingereza, zikipita Kenya, Uganda na Tanganyika. Baadaye zikawa jambo la kila Pasaka, na Pasaka kwetu unajua ni mvua. Haikuwa mambo ya kukimbia kilomita 20, kupumzika, kunywa maji na kuhojiwa na televisheni. Miaka ya sabini mashindano mamoja yaliweza kupita kilomita 5,000, mchana na usiku, kwenye barabara zile zile wanazopita watu na ng'ombe wao. Hazikufungwa. Lori la mkaa linakuja, basi linakuja, mzee na baiskeli yake anakuja, na wewe uko hapo na taa zimewashwa mchana, unapiga honi, unaomba Mungu.

Babu hakuwahi kuendesha, aliona tu. Yeye na mafundi wenzake walikuwa wakidandia lori wanakwenda mpaka Mackinnon Road au Voi kusubiri magari yanayoshuka kutoka Nairobi au yanayotoka milima ya Taita. Ukimuuliza mwaka gani hakumbuki, anakumbuka matope. Anakumbuka gari limezama mpaka mlangoni, dereva ametoka na viatu mkononi, anawaambia watu wa kijiji kwa Kiswahili kizuri kabisa, "Haya jamani, moja, mbili, tatu." Watu wakasukuma. Gari likatoka na matope yote yakawarukia wao. Wakashangilia! Babu anasema shati lake alilipeleka nyumbani hivyo hivyo, mama yake akataka kumfukuza.

Na majina anayo kama orodha ya sala. Joginder Singh, Simba wa Kenya, mzaliwa wa Kericho, aliyeanza kwa kushika spana kabla ya kushika usukani. Mwaka 1965 alishinda na ndugu yake Jaswant ndani ya Volvo PV544 ambayo tayari ilikuwa imetumika, yaani mtumba, wadau! Akarudi kushinda 1974 na 1976 na Mitsubishi Lancer. Shekhar Mehta, mzaliwa wa Uganda, familia ikaondoka wakati Idi Amin alipowafukuza Waasia mwaka 1972, na mwaka uliofuata tu akashinda Safari na Datsun 240Z. Mwaka huo baada ya maelfu ya kilomita alilingana sawasawa na Harry Källström wa Uswidi, ikabidi kanuni zitafutwe za kuwatenganisha. Kisha akashinda tena 1979, 1980, 1981 na 1982. Mara tano kwa jumla.

Babu akimaliza kutaja hawa huweka kikombe chini kwa kishindo kidogo, kama mtu aliyefunga kesi.

Sasa mimi sikubali kirahisi. Juni 2022 nilipanda basi la usiku Malindi mpaka Nairobi, kisha matatu mpaka Naivasha, nikaenda kuiona Safari mwenyewe. Ilikuwa imerudi kwenye ratiba ya dunia mwaka mmoja nyuma yake, 2021, baada ya kukosekana tangu 2002. Nilikula vumbi siku nne. Vumbi la kule si mchanga wetu wa pwani, ni unga wa kuweka chapati, linaingia mpaka kwenye chaja ya simu. (Halafu kuna sehemu inaitwa Hell's Gate, na kwetu Marafa kuna Nyari ambayo wageni wanaiita Hell's Kitchen. Sijui kwa nini mzungu akiona ardhi ya Kenya imepasuka anafikiria jehanamu.)

Nilichokiona kule babu hajakiona. Magari yanafika kabla ya sauti yao. Unasikia helikopta, unageuza shingo, gari limeshapita na wewe umebaki na mawe miguuni. Na njia zimefungwa, ndiyo, na kilomita za kushindana ni mia tatu na kitu tu kwa jumla, lakini hebu fikiria: dereva anaruhusiwa kuipita ile njia mara mbili tu kabla ya mashindano, kwa mwendo wa kawaida, msaidizi wake akiandika noti. Timu kubwa za zamani zilikuwa zinakuja Kenya mapema, zinafanya mazoezi wiki nzima na zaidi, wanazijua kona kama mlango wa chooni kwao. Wa sasa anaingia kwenye vumbi kipofu, anasomewa karatasi, na anaamini. Zamani adhabu ilihesabiwa kwa dakika, mtu anaweza kupoteza saa nzima kwenye mto na bado akashinda. Sasa ukipoteza sekunde kumi umetoa mkosi.

Mwaka ule Toyota walichukua nafasi nne za kwanza, Kalle Rovanperä mbele, kijana wa miaka 21. Na siku ile nilimshangilia zaidi Maxine Wahome, aliyeshinda daraja la WRC3 na msomaji wake Murage Waigwa. Mnajua alikotoka huyo dada? Motocross. Kabla ya gari alikuwa mtu wa pikipiki. Wanaume wawili nyuma yangu walikuwa wakibishana kama ni kweli ni mwanamke, mpaka mama mmoja muuza mahindi akawaambia wanyamaze, waangalie vumbi.

Nikarudi Malindi na hoja zangu. Babu akasikiliza.

"Wakenya wangapi walikuwa mbele?"

Hapo alinipata. Mkenya wa mwisho kushinda Safari ikiwa mashindano ya dunia ni Ian Duncan, 1994, na Toyota Celica. Miaka thelathini. Zamani fundi wa Nairobi aliweza kununua gari lililotumika akawashinda watu wa kiwandani, kwa sababu yeye analala hapa, anaijua mvua ya hapa. Leo gari la kushinda halinunuliki wala kuazimwa. Njia ni yetu, vumbi ni letu, kombe linapanda ndege. Nilimkubalia hiyo, na mpaka leo namkubalia.

Lakini kwenye suala la kubebwa nikakataa. Nikaenda kusoma, na nikakuta kitu ambacho kimenikaa kichwani mwaka mzima.

Pikipiki za motocross za miaka ya sitini, zile alizopanda Joël Robert wa Ubelgiji alipochukua ubingwa wa dunia mara sita, zilikuwa na springi mbili fupi nyuma, moja kila upande, na gurudumu lilipanda na kushuka kiasi cha sentimita kumi hivi. Basi. Ukiruka, kiuno chako ndicho springi. Mwaka 1973 Yamaha wakaja na springi moja ndefu katikati, Håkan Andersson akashinda nayo ubingwa wa 250, na baada ya hapo kila mtu akafuata. Leo pikipiki ya Lawrence gurudumu lake linacheza sentimita thelathini. Ndiyo, babu, inambeba. Lakini kwa sababu inambeba, wamejenga vilima ambavyo Joël Robert angevitazama akauliza ngazi iko wapi. Mashine ikipanda, na hatari inapanda nayo. Mtu yuko pale pale katikati.

Sasa tazama hapo stendi. Boxer. Springi mbili fupi nyuma, moja kila upande. Injini ya kupoozwa na upepo. Yaani kijana wa boda wa Malindi, huyu anayekupeleka Muyeye kwa shilingi mia, anaendesha pikipiki ya enzi za Joël Robert. Tofauti ni kwamba Robert hakuwa amebeba gunia la mkaa, mama mwenye mtoto, na kuku wawili. Na hakuwa na kiti kirefu cha mshikaki. Tangu serikali ilipoondoa kodi kwa pikipiki ndogo miaka ya 2007 na 2008, pwani nzima imejaa mashine hizi, na juu yake wamekaa vijana ambao kama wangezaliwa karibu na uwanja wa Jamhuri kule Nairobi, na baba mwenye pesa za KTM, tungekuwa tunawajua kwa majina. Au hata Uganda, Busiika, ambako watoto wadogo wanashindana kwenye matope wazazi wakiwa wamekaa na vitambaa vya jua. Hapa kwetu ukitaka kuona motocross subiri Muitaliano mmoja na marafiki zake waende na pikipiki zao za enduro kule kwenye vilima vya mchanga vya Mambrui.

Binamu yangu alikuwa anawaona hao Waitaliano. Yeye ni wa boda, stendi ya barabara ya Mambrui. Pikipiki si yake, kila jioni anampelekea mwenyewe hesabu yake, kinachobaki ndio chake. Na ana kipaji, wadau, siwadanganyi kwa kuwa ni damu yangu. Kuna watu wakikaa kwenye pikipiki unaona pikipiki imetulia.

Mwaka juzi tulianza kitu. Jumapili jioni, wakishamaliza kazi, vijana sita saba wanatoka Mambrui wanaingia ndani kwenye barabara ya changarawe ya kuelekea Marafa, wanashindana. Si kwenye lami, hapana, lami ina malori. Kulikuwa na tuta moja la udongo ambapo barabara ilichimbwa, ukija na mwendo unaruka. Mimi nikaenda na simu. Video ya kwanza ikapanda. Ya pili ikapanda zaidi. Watu wa Nairobi wakawa wanauliza hawa ni nani, uwanja uko wapi. Uwanja! Nikawa najibu "Malindi bana" na moto tatu.

Nafika sasa kwenye kile nilichokifuta mara tatu.

Jumapili ile binamu yangu aliruka mara mbili. Mara ya kwanza aliruka vizuri sana. Mara ya pili vizuri pia, lakini jua lilikuwa nyuma yake, kwenye simu akatoka mweusi tupu kama picha ya kivuli. Nikamwambia, "Kaka, rudia moja tu, mwanga ulikuwa mbaya." Hayo ndiyo maneno yenyewe. Nikahamia upande wa pili wa barabara. Nikamwambia pia avae helmeti, alikuwa ameitundika kwenye handeli, si kwa ajili ya usalama, ni kwa kuwa ilikuwa nyekundu na ingependeza kwenye video. Helmeti ile ndiyo iliyookoa kichwa chake. Sijui nijisifu au nijifiche.

Alitua. Nyuma ikarudisha, pikipiki ikampiga kutoka chini kama punda, gurudumu la mbele likashuka limepinda. Sauti ya mfupa wa paja siielezi. Vijana wakakata ubao wa kreti ya soda, wakaufunga na leso mbili za mama mmoja aliyekuwa anapita kutoka kuteka maji, tukamlaza kwenye tuktuk iliyoitwa kutoka Mambrui, miguu nje. Mama yule hakuchukua leso zake. Alisema tu, "Mwenyezi Mungu awasitiri, wanangu," na akatuangalia mimi na simu yangu. Ilikuwa bado inarekodi.

Niliiweka ile video. Sio siku hiyo, baada ya wiki. Nilijiambia ni fundisho kwa vijana. Ilienda mbali kuliko zote nilizowahi kuweka, na nusu ya watu walikuwa wanacheka na nusu wanasema boda ni wahuni wafungwe. Zilipoingia pesa, na hazikuwa nyingi, nilimpelekea shangazi zote kwa M-Pesa kwa ajili ya hospitali. Sikumwambia zimetoka wapi. Najua sasa atasoma hapa. Shangazi, nisamehe.

Miezi sita bila kazi. Mwenye pikipiki alimpa mtu mwingine baada ya kuitengeneza, na sina la kumlaumu, naye ana watoto.

Nilitegemea babu angeniambia "nilikwambia." Hakusema. Aliuliza maswali mawili. La kwanza: "Alikuwa na abiria?" Nikasema hapana. Akashusha pumzi. La pili: "Springi zilikuwaje?"

Sikujua. Akasema tukaione. Tukaenda, mimi na yeye, kwenye uwanja wa yule mwenye pikipiki, kabla haijatengenezwa. Babu haoni vizuri, lakini alipiga goti akapitisha mkono kwenye springi ya kushoto, kisha ya kulia, akanusa vidole vyake. Mafuta. Ya kulia ilikuwa inavuja, na si tangu jana. Akanionyesha jinsi ilivyoloana na vumbi kugandamana, tabaka juu ya tabaka. "Hii imekufa siku nyingi," akasema. "Alikuwa anaruka na mguu mmoja. Mruko wa kwanza umembeba kwa bahati, wa pili ulimwonya, wa tatu..." Akanyamaza akajifuta mkono kwenye shuka yake.

Kisha akaniambia kitu ambacho katika miaka yote ya Joginder hivi na Joginder vile hakuwahi kukisema. Kwamba kule Voi hawakwenda kutazama tu. Kulikuwa na mafundi wa timu wamejipanga barabarani na magari ya vipuri, na gari likisimama wanaingia chini yake kabla halijapoa. Yeye na wenzake walikwenda kuwaangalia *hao*, kujifunza kazi. Dereva walimwona dakika moja, fundi walimwangalia saa nzima. Na Joginder alipendwa na mafundi, anasema, kwa sababu alikuwa mwenzao, akisikia mlio anajua ni wa nini, anapunguza mwendo. Katika Safari 22 alizoshiriki alimaliza 19. Hiyo si namba ya mtu mwenye haraka.

Basi nilipokuwa narudi nyumbani ndipo mabishano yetu yote yalinigeukia. Zamani mtu alikuwa na mafundi barabarani. Naivasha mtu ana mahema, wahandisi, kompyuta, daktari, helikopta. Binamu yangu alikuwa na mimi, na simu yangu ilikuwa na chaji asilimia kumi na mbili.

Na kuna jambo jingine, hili nalitoa kama hoja, mnipige nalo mkitaka. Mwaka 1968 Safari ilianza na magari 93, yakamaliza saba. Saba! Kwenye simulizi tunawasifu hao saba, wana mpaka jina lao la kishujaa. Wale 86 waliozama, waliopinduka, waliokatika ekseli huko porini, nani anawataja? Za zamani tunakumbuka waliofika. Lakini boda, aliyefika hatumwoni. Kila siku wanapita elfu kadhaa kwenye daraja la Sabaki, wamebeba wajawazito usiku, wamebeba walimu, samaki, majeneza nimeona kwa macho yangu, na wanafika. Anayeonekana ni aliyeanguka. Ukiwalinganisha watu kwa namna hiyo, wa zamani watashinda daima, maana wao tunawahesabia kombe na hawa tunawahesabia plasta.

Na hao mashujaa wa babu walikuwa wanakimbia kwenye barabara ya umma! Pamoja na ng'ombe na watoto wa shule! Ila ilikuwa Pasaka, kulikuwa na bendera, na Rais anapungia mkono, basi ikaitwa michezo. Sisemi vijana wa kwetu waachwe wakimbizane Malindi mjini, mimi ndiye wa mwisho kusema hivyo. Nasema tu kwamba wale walipewa siku na njia, na watu wakaambiwa mapema wakae pembeni. Hawa wamepewa tuta la barabara mbovu. Kaunti ina ardhi kavu tele huko ndani ambayo hata mbuzi anaipita haraka. Trekta moja siku mbili, vilima vitano vya udongo, mtu wa huduma ya kwanza na fundi mmoja wa kunusa springi kabla mtu hajaruka. Fundi ninaye mimi. Anataka kahawa tu.

Nilimsomea babu hapa nilipofikia. Kasema nimemnukuu vibaya, hakusema "wa sasa si kitu," alisema "wanabebwa," na kubebwa si aibu, hata yeye sasa anabebwa na tuktuk mpaka msikitini. Lakini Mehta hafikiwi. Hapo hatoki.

Binamu yangu yuko sawa. Anachechemea kidogo asubuhi mpaka mguu upate joto. Amepata pikipiki nyingine ya hesabu, na kila Ijumaa kabla ya swala anaipitisha barazani, babu anashika springi moja moja, anavuta cheni, anamgombeza kuhusu spoki. Wakishamaliza hapo wanakuwa hawana tena la kuzungumza, wanakaa tu.

Ile video ya mruko wa tatu nimeiondoa. Sitairudisha, msiniombe. Lakini wiki iliyopita yeye mwenyewe ndiye aliyeniuliza, "Ile ya kwanza unayo?" Nikasema ninayo. Akasema, "Weka hiyo basi. Watu wanafikiri mimi najua kuanguka tu."

Sijaiweka bado. Niliifungua jana usiku nikaitazama bila sauti, mara nne au tano. Mwanga ni wa kawaida, mkono wangu unatikisika, na kuna mbuzi anapita mbele mwanzoni. Yeye anatokea kushoto, hana helmeti, mdomo umefunga, na pikipiki chini yake imetulia kabisa. Ni kweli. Aliruka vizuri.